Mrija Uliotupwa

Sura ya Saba

"Weka saini," alisema Sajini, akaisukuma karatasi hadi ukingoni mwa meza.

Mwanamke aliyekaa mbele yake hakuishushia hata macho. Alikuwa bado na ovaroli ya kazini, manyoya ya vifaranga yameganda kwenye mikono yake, na miguuni hakuwa na kitu. Siku waliyomkamata walimtoa kazini kwa haraka, viatu vikabaki chini ya kiti chake, akaingizwa kituoni kwa mlango wa mbele huku mtaa mzima umesimama kuangalia.

"Ukikubali kosa, hakimu atakupunguzia," Sajini akaendelea kubembeleza.

"Anipunguzie nini? Mimi siuzi nyanya hapa."

Inspekta alikuwa amesimama dirishani, mikono mfukoni. Wenzake walimwita Koti, kwa sababu hakulivua koti lake hata jua likichoma bati, na jina lake lenyewe walishalisahau. Alimsikiliza yule mwanamke kama mtu anayesikiliza injini ya gari analotaka kununua. Hakusikia mlio mbaya.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Katika kiwanda cha kutotolea vifaranga, fundi wa mashine alikutwa amelala chini ya mashine kubwa, kichwa kimepasuliwa kwa spana. Kioo cha mlango wa mashine kilikuwa kimevunjika, na kwenye vipande vyake kulikuwa na damu ambayo haikuwa ya Fundi. Aliyemuua alijikata. Maabara ikasema damu ile ni ya mwanamke. Chumba cha mashine kilikuwa na funguo tatu: wa Fundi, wa mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, na wa huyu mwanamke. Fundi ni maiti. Tajiri ni mwanamume. Kazi ikaisha hapo.

Huyu waliyemkamata walimwita Jicho, kwa vile alikuwa akimshika kifaranga wa siku moja, anamfungua bawa, anaangalia manyoya, na kabla hujapepesa ameshajua huyu ni jogoo au mtetea. Alikuwa pia mke mkubwa wa Tajiri. Hakuzaa, akahamishiwa chumba cha uani, akaletwa mke mdogo, na mke mdogo akazaa. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo. Tasa mwenye wivu, alisema, na Fundi alikuwa na mdomo.

"Ni kweli Fundi alikutania mbele ya watu?" Koti aliuliza.

"Alisema mashine yake inatotoa kuliko mimi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana alisema vizuri." Jicho akageuza shingo. "Afande, kama ningekuwa naua wanaonitania, ningeanza na mama mkwe wangu na kumalizia na huyu Sajini wako."

Sajini akakohoa.

"Na hicho kidole kilichokatwa?"

"Trei ya bati. Kila anayeshika trei kule ana alama kama hii. Waite wote uwafunge, kiwanda kipumzike."

"Uliwahi kwenda hospitali, wewe na mumeo?"

Hapo akamwangalia Koti kama anampima bawa. "Mimi nilikwenda. Nimepigwa picha, nimechomwa sindano, nimekunywa vichungu vya kila rangi. Wakasema sina kasoro. Mama mkwe akasema madaktari nimewahonga."

"Na yeye?"

"Tajiri? Tajiri ana mtoto kwa mke mdogo. Apimwe nini?"

Koti akaichukua ile karatasi ya kukiri kosa, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kwa nini usisaini tu, dada? Wengi husaini wakapata kulala."

"Walinibandika jina moja ambalo si langu, nikanyamaza. Nilidhani nikinyamaza litadondoka lenyewe. Halikudondoka, likaota mizizi. Hili la pili sinyamazi. Mniue nikiwa nasema."

Nje, kwenye korido, Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri Koti. Kesho asubuhi, alisema, karandinga linakwenda mahakamani na mwanamke yule atakuwa ndani yake, saini au bila saini. Ripoti ya damu ilimtosha. Akirudishwa rumande kwa kosa la kuua, itachukua miaka hata kesi isikilizwe, na Mkuu alilisema hilo bila ubaya wowote, kama anayesema mvua itanyesha.

Koti hakubishana. Alimsubiri aingie ofisini, kisha akamshika Sajini begani.

"Siku ile ulipopeleka damu maabara, ulibeba mirija mingapi?"

"Miwili, Afande. Ulisema kila mwenye ufunguo atolewe. Wa Jicho na wa Tajiri."

"Ripoti inazungumzia mmoja."

"Labda wa Tajiri hawakuuhitaji. Damu si ilikuwa ya mwanamke?"

"Labda," Koti akasema. "Lete funguo za gari."

*

Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia ya nailoni kichwani, na hakupenda wageni. Aliwapokea mlangoni, akawaonyesha vifuniko vya viatu, akasubiri hadi wavivae.

"Mrija wa pili uko wapi?" Koti aliuliza.

"Niliutupa."

"Kwa sababu gani?"

"Muulize huyo uliyekuja naye. Mrija umeandikwa jina la mwanamume, ndani mna damu ya mwanamke. Mtu akichanganya mirija yake huko barabarani, mimi siwezi kuandika ripoti juu ya mchanganyiko wake. Nikaandika juu ya mmoja niliouamini."

Sajini alifura. "Mimi nilichanganya? Nesi alimchoma Tajiri mbele yangu, nikaandika jina mrija ukiwa bado na joto mkononi. Wa Jicho tulikwenda kuuchukua baadaye, mahali pengine kabisa. Nilichanganya vipi, kwa uchawi?"

"Basi mlimchoma nani, bwana? Mwanamume ana X na Y. Mwanamke ana X mbili. Kipimo changu kinatafuta alama ya Y, na kwenye ule mrija haikuwepo."

"Na damu ya kwenye kioo?" Koti akaingilia. "Kwa nini uliweza kusema ni ya mwanamke, lakini hukuweza kusema ni ya mwanamke gani?"

"Kwa sababu iliharibika. Kabla hamjafika, chumba kizima kilipigwa dawa ya kuua vijidudu. Vinasaba vilikatikakatika. Alama zote za kumtambua mtu zilikufa, ikabaki hiyo moja tu ya jinsia."

"Nani aliagiza dawa ipigwe?" Koti alimuuliza Sajini.

"Tajiri mwenyewe. Alisema vifaranga watashika ugonjwa wa maiti."

Koti akaegemea meza, akaambiwa asiiguse, akasimama wima. Kwa muda alitazama vichupa vilivyopangwa kwenye kabati la barafu, vimesimama kama wanafunzi wa gwaride.

"Nisikilize, mama. Damu ya kwenye kioo ilisema mwanamke. Damu yenye jina la Tajiri ilisema mwanamke. Ukaona moja ni ushahidi na nyingine ni uzembe wa Sajini. Je, kama Sajini hakukosea?"

"Afande, hiyo haina je."

"Nitakuletea mrija mwingine leo. Nitaukalia mimi mwenyewe njia nzima kama kuku anayeatamia. Ukiniambia tena ni mwanamke, utanitafutia mtu wa kunielimisha."

*

Kiwanda kilikuwa kinanuka maganda, mvuke na dawa. Kwenye ukumbi wa kuchambulia, wanawake walikaa mistari miwili wakirusha vifaranga wa manjano kwenye masanduku, kulia na kushoto, na sauti za wale vifaranga zilijaa hadi kwenye meno. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Chini yake palikuwa na viatu vya plastiki, kimoja kimelala juu ya kingine. Hakuna aliyevigusa.

Tajiri aliwapokea palepale, mbele ya wafanyakazi. Alikuwa mtu wa kimo cha wastani, sauti nzito, kidevu kisichomsumbua kwa wembe, na kiganja cha kushoto kimefungwa bandeji. Koti alikuwa ameiona bandeji ile tangu siku ya kwanza. Kila mtu alikuwa ameiona. Ripoti iliposema mwanamke, wakaacha kuiona.

"Inspekta, mbona unarudi? Damu si ya mwanamke?" Tajiri akafungua mikono, akawageukia wachambuaji. "Au mnataka kuniambia mimi ndiye mwanamke?"

Wakacheka, kwa kuwa ndiye aliyewalipa.

"Ni utaratibu tu, bwana. Mrija wa kwanza maabara waliupoteza."

"Chukueni. Chukueni hata ndoo. Mimi sina cha kuficha." Akakunja mkono wa shati.

Nesi waliyekuja naye, mwanamke mnene asiye na haraka, akatafuta mshipa, akavuta damu. Koti akaandika jina, akamtaka Tajiri aweke saini yake mwenyewe kwenye mrija. Akaweka, tena kwa madaha. Kisha Koti akasema, kama aliyekumbuka jambo dogo, "Nesi, hebu mbadilishie bandeji. Imechafuka."

"Haina haja. Niliungua tu na mvuke."

"Ndiyo sababu ibadilishwe," alisema Nesi, naye alikuwa ameshaanza kuifungua. Watu wa kazi yake hawaombi ruhusa. Bandeji ikatoka. Katikati ya kiganja palikuwa na mstari mmoja ulionyooka, kina chake kimeanza kujifunga, hauna lengelenge wala ngozi iliyobabuka.

Nesi akausafisha, akaufunga upya vizuri, akasema, "Mvuke una makali siku hizi."

Tajiri hakucheka, na wanawake kwenye mistari hawakujua wacheke au waendelee kurusha.

Uani, mama yake Tajiri alikuwa amekaa kwenye kigoda na mjukuu mapajani, anamlisha. Alimwona Koti akipita na kisanduku cha barafu.

"Yule tasa mmeshamfunga?"

"Bado, mama."

"Mnangoja nini? Mtu asiyejua uchungu wa kuzaa, kuua kwake ni kama kuchinja. Nilimwambia mwanangu mapema, ondoa jiwe hilo ndani." Akampangusa mtoto mdomo kwa upole mkubwa. "Kula, baba. Kula, mume wangu."

*

Asubuhi, karandinga lilikuwa limeshaegeshwa uani mwa kituo, na dereva wake anayapiga mateke matairi, pale simu ya maabara ilipoita. Mtaalamu hakusalimia.

"Njoo," alisema. "Na nimemwita daktari wa pale kliniki ya wanaotafuta watoto."

Koti alimwambia dereva wa karandinga ang'oe plagi moja na aitafute taratibu. Yule dereva alimdai Koti fadhila za zamani, au Koti alimdai yeye, hawakukumbuka tena. Akafungua boneti.

Daktari alikuwa mzee mwembamba aliyeongea huku anafuta miwani. Mtaalamu alikaa pembeni, kofia ya nailoni mkononi, nywele zimesimama upande mmoja.

"Ni mwanamke tena," alisema. "Mrija umesainiwa na mwenyewe. Nimerudia kipimo mara ya pili. Hakuna alama ya Y."

"Basi Tajiri ni mwanamke?" Sajini aliropoka.

"Ni mwanamume," alisema Daktari. "Amezaliwa mwanamume na atazikwa mwanamume, na ukiniletea upuuzi hapa nitakutoa nje. Kaa."

Sajini akakaa.

"Mama humpa mtoto X," Daktari akaendelea. "Baba humpa ama X au Y. Akipewa Y, mvulana. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na mara nyingi ni kweli. Lakini uanaume haujajaa Y nzima. Kwenye ncha yake kuna jeni moja, ndogo, inayofanya kazi ya swichi. Mtoto akiwa tumboni, hajazidi punje ya haragwe, tezi zake bado hazijaamua zitakuwa nini. Swichi ikiwapo, zinakuwa korodani. Korodani zinatoa homoni, homoni inajenga yaliyobaki."

"Sasa huyu hana Y," Koti akasema.

"Hana Y, lakini swichi anayo. Baba anapotengeneza mbegu, X na Y hushikana nchani na kubadilishana vipande. Ni jambo la kawaida. Mara chache, tena chache sana, swichi inahama na kunasa kwenye X. Mtoto akipewa X hiyo, ana X mbili kama dada zake, na mwili unasikiliza swichi. Anakuwa mvulana, anabalehe, anaoa, anaishi vizuri tu. Wengi hawajui mpaka wanazeeka. Kipimo cha huyu mama kinatafuta alama mahali pengine kwenye Y, si kwenye swichi. Hakikusema uongo. Kiliulizwa swali dogo, kikatoa jibu dogo."

"Na watoto?"

Daktari akavaa miwani. "Jeni zinazotengeneza mbegu za kiume zimekaa kwenye ile sehemu ya Y ambayo hakupewa. Kiwanda kipo, mafundi hawajaja. Mtu wa namna hii hawezi kupata mtoto kwa mbegu zake. Si jana, si siku yoyote."

Mtaalamu alikohoa. "Ana mtoto."

"Hilo mimi sijaulizwa," alisema Daktari.

Koti alizunguka chumba akiwa na vifuniko vya viatu vinavyomtelezesha. Aliliona jambo zima sasa, na alichotaka ni kulifunga kamba lisije likatoroka. "Damu ya kwenye kioo. Imebaki?"

"Tone."

"Unaweza kuitafuta hiyo swichi ndani yake?"

Mtaalamu aliinua uso. "Nimeshaitafuta. Ndiyo maana nikakuita." Akaweka kofia yake kichwani, akaivuta hadi masikioni. "Ipo. Na alama ya Y haipo. Kwenye damu ya yule mwanamke mliyemfunga, swichi haipo. Damu ya kioo si yake na haiwezi kuwa yake. Wenye damu kama ile, katika watu elfu nyingi utampata mmoja. Nami nilimpata, nikamtupa kwenye ndoo ya taka kwa sababu hakufanana na nilichotarajia."

"Andika," Koti akasema. "Andika na hilo la ndoo pia."

"Nitaandika."

*

Tajiri aliletwa kituoni kabla ya jua kupanda sana, akiwa na mama yake nyuma, maana mama alikataa kubaki. Mama aliwekwa kwenye benchi la korido. Tajiri akaingizwa chumba cha mahojiano, akakaa, akaweka mguu juu ya goti.

"Damu ya mwanamke," alisema. "Mimi mwanamume. Nieleze nimeitiwa nini."

Koti alifungua mlango, akamwingiza Daktari, yeye akatoka. Sajini alishangaa sana.

"Afande, unamwachia?"

"Kuna mambo mtu anastahili kuambiwa na daktari bila wewe na mimi kusimama tukimtumbulia macho. Hata kama ni muuaji."

Walikaa nje. Ndani palisikika sauti ya Daktari, kisha sauti ya Tajiri ikipanda: "Mimi ni mwanamume." Na Daktari akijibu bila kupandisha: "Ndiyo, bwana. Hakuna aliyesema vingine." Daktari alipotoka alimpa Koti ishara ya kichwa, akaenda zake.

Koti alipoingia, Tajiri alikuwa amesimama, amempa mgongo.

"Nani mwingine anajua?"

"Wa maabara, Daktari, mimi na Sajini. Nimeshamwambia Sajini kwamba akiropoka atalinda choo cha kituo mpaka astaafu."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Ulivyozaliwa si kosa, wala si habari yangu. Ninachokuuliza ni spana."

Tajiri akageuka. Uso ulikuwa umemvuja rangi, lakini kidevu alikiinua. "Huna shahidi."

"Nina kioo, nina kiganja chako, nina chumba ulichoamuru kipigwe dawa kabla ya polisi. Na nina siku ile nilipokusomea ripoti. Nikakuambia damu ni ya mwanamke. Mtu asiye na hatia angesema, nani huyo? Wewe ulinyamaza, ukaangalia bandeji yako, ndipo ukatabasamu. Uliijua damu ni yako, ukashangaa imegeukaje. Ukadhani bahati imekuangukia."

Tajiri akakitia mfukoni kiganja chenye bandeji.

"Fundi alikwambia nini, jioni ile?"

"Nilimkaripia kwa kuchelewesha mashine. Akasema nisimpandishie sauti, kwa kuwa yeye ndiye aliyenipa mrithi." Tajiri alizungumza akitazama meza. "Akasema mtoto ni wake. Akasema na masikio ni yake, nikaangalie."

"Ukamwamini?"

"Ningemwamini ningemfukuza kazi. Sikumwamini, ndiyo maana nikampiga." Akautazama mlango aliotokea Daktari. "Nimemwamini sasa hivi, humu ndani."

Kisha Tajiri akavuta kiti, akakaa karibu, akaongea kama mtu wa biashara, kwa kuwa biashara ndiyo aliyoizoea.

"Nitaandika yote, kwa mkono wangu, bila wakili. Kwa sharti moja. Hiyo ripoti isisomwe mahakamani. Nikikiri, hamuihitaji. Mke wangu mkubwa atatoka, nami nitafungwa kama mwanamume."

Ilikuwa njia fupi, na Mkuu wa kituo angeikumbatia. Koti akaipima.

"Ripoti siiuzi wala siitangazi," alisema mwishowe. "Mwili wako ni siri yako. Ukikiri, haitafunguliwa, si kwa sababu tumepatana, bali kwa sababu haitakuwa na kazi. Lakini katika siri yako kuna kitu cha mtu mwingine kimebaki humo ndani. Kuna mwanamke ulimhamishia uani kwa kosa ambalo hakulifanya, na juzi ukamwachia hili la pili alibebe pia."

"Sikujua. Naapa, hilo la kwanza sikujua."

"Sasa unajua."

"Unataka nimwambie nani? Mama?" Tajiri akatikisa kichwa. "Heri kamba."

"Mimi sitaki kitu. Kalamu hiyo hapo."

Akaandika. Alijaza karatasi, akaweka saini kwa mkono uleule wa madaha, safari hii bila madaha.

*

Sajini alimfungulia Jicho mlango wa mahabusu na kumwambia yuko huru. Jicho hakuruka wala hakulia. Aliuliza nani, akaambiwa, akafumba macho, akayafumbua.

"Twende nikutoe nyuma," Sajini akasema. "Wanaoachiwa tunawatoa nyuma. Mbele pana watu."

"Niliingizwa wapi?"

"Mbele, lakini..."

"Basi natoka huko huko."

Ili ufike mlango wa mbele ilibidi upite kwenye korido, na kwenye korido ndipo mama mkwe alipokaa. Alipomwona Jicho anakuja bila pingu, peku, manyoya mikononi, aliinuka kama aliyechomwa.

"Anakwenda wapi huyu? Mnamwachia? Tasa muuaji mnamwachia?"

Hapo ndipo mlango wa mahojiano ulipofunguka, Tajiri akatoka akiwa na pingu, Koti ameshika kiwiko chake. Korido ilikuwa nyembamba. Wote wakasimama, hakuna aliyeweza kumpita mwenzake.

"Mwanangu, pingu za nini?" mama akauliza. "Waambie. Waambie ni huyu."

Tajiri alimwangalia mke wake mkubwa, tena kwa muda, pengine kwa mara ya kwanza tangu alipomhamishia uani. Jicho hakushusha macho. Hakuwa na chuki usoni, wala huruma. Alisimama tu, kama mtu anayesubiri kurudishiwa chake.

"Mama, mwache," Tajiri akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

Sauti yake nzito ilitoka kidogo, lakini ilitoka. "Yote mawili."

Macho ya mama yalikwenda kwa mwanawe, yakaenda kwa mkwewe, yakarudi, na ungeweza kuona jambo likimwingia taratibu, kwanza la kwanza, kisha la pili, kisha lile la tatu ambalo hakuna aliyelitamka. Akaketi.

"Mwanangu," alimwambia Jicho, na neno hilo alikuwa hajawahi kumpa. "Twende nyumbani."

"Hapana, mama. Nakwenda kazini. Viatu vyangu viko kule."

Akapiga hatua, akasita, akarudi. Akainama hadi uso wake ukawa sawa na uso wa bibi yule.

"Yule mtoto asubuhi umemlisha?"

Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Jioni umlishe tena. Na kesho. Umwite mume wangu, kama ulivyomzoeza. Siku nikisikia mtu kambandika jina, hata kama ni wewe, nitakuja mimi mwenyewe, na safari hiyo Inspekta atakuwa na kesi ya kweli."

Kisha akajinyoosha, akampita mumewe bila kumgusa, akausukuma mlango wa mbele kwa mikono miwili. Nje watu walikuwa wamejaa, wamekuja kuona karandinga likiondoka. Jicho akasimama ngazini, peku, akawaangalia mmoja mmoja, huyu, na huyu, na huyu, mpaka wakaanza kumpisha njia.